Maswali Yenu: Kete Zilizoliwa, Saa za Mechi na Ubao wa Vizibo

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Hapa mtaani Soweto tunafuatilia mashindano ya kimataifa ya Go, mchezo wa ubao ambao wawili hushindana kuzingira eneo kwa kete nyeusi na nyeupe. Januari 2025, fainali ya Kombe la LG kule Korea Kusini, Ke Jie wa China alishinda mchezo wa kwanza kati ya mitatu, kisha akakosa ubingwa bila kuzidiwa ubaoni. Ilikuwaje?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Chanzo ni mahali alipoweka kete alizokula. Kwa hesabu ya Korea, mchezo ukiisha unahesabu makutano ya mistari uliyoyazingira yakiwa matupu, na kila kete uliyokula inakuongezea pointi 1. Kwa hiyo mpinzani ana haki ya kuziona anapopiga hesabu mchezo ukiendelea, na ndiyo maana hukaa kwenye kifuniko cha bakuli la kete. Wachina huhesabu kete zao zilizo hai ubaoni (zisizoweza kuliwa) pamoja na makutano waliyoyazingira. Kete iliyoliwa haina thamani, hivyo mtu huiweka popote. Aliyekulia utaratibu huo mkono wake hauna mazoea ya kifuniko.

Mwishoni mwa 2024 chama cha Go cha Korea kiliweka kanuni kali: kete isipowekwa kifunikoni ni onyo na pointi 2 kwa mpinzani, maonyo mawili, umepoteza mchezo. Mchezo wa pili Ke Jie alipata yote mawili. Wa tatu akaonywa tena na kukatwa pointi 2. Wachina walilalamika kwamba mwamuzi alisimamisha mchezo wakati usiofaa, Ke Jie akakataa kuendelea, na mpinzani wake, Byun Sang-il wa Korea Kusini, akatangazwa bingwa. Mwezi uliofuata Wakorea waliufuta utaratibu wa kupoteza mchezo kwa kujumlisha maonyo.

Sisi tunaona sharti la kifuniko lilikuwa la haki. Adhabu ndiyo iliyopita kiasi. Kwa wachezaji wa ngazi hiyo, pambano la kutwa nzima huweza kuamuliwa kwa nusu pointi. Pointi 2 ni mlima.

SWALI: Shikamoo mhariri. Kombe la Ing lina tofauti gani na mengine? Na niamke saa ngapi kuona mechi moja kwa moja?
Mwanafunzi, Njombe

JIBU: Marahaba. Lilianzishwa 1988 na Ing Chang-ki, mfanyabiashara wa Taiwan, na huchezwa kila baada ya miaka minne. Bingwa huchukua dola 400,000 za Marekani. Wa kwanza alikuwa Cho Hunhyun wa Korea Kusini, aliyemshinda Nie Weiping 3–2 mwaka 1989. Mwaka 2024 Ichiriki Ryo wa Japani alimfunga Xie Ke wa China 3–0. Upekee wake ni saa. Kwingine muda ukikuishia unabaki kuhesabiwa sekunde; hapa unanunua muda wa nyongeza, na kila ununuzi unakatwa pointi 2. Ukitazama ubao tu unaweza kudhani mtu anaongoza, kumbe ameshakatwa.

Kuhusu kuamka: Korea na Japani wako saa 6 mbele yetu, China saa 5. Ratiba ikisema 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi ya huko, wala si saa kumi. Ya Seoul itaanza saa kumi alfajiri Njombe, ya Beijing saa kumi na moja. Baridi ikikushinda, fungua saa mbili asubuhi; mara nyingi utakuta mapigano ya katikati yamepamba moto.

SWALI: Ndugu wahariri, tunaanzisha klabu shuleni. Ubao wetu wa paini umepinda, na vizibo vya soda tunavyotumia kama kete vinabanana. Tufanyeje?
Mwalimu, Mafinga

JIBU: Mwalimu, kwenu paini ni tele, ila nyingi huuzwa ikiwa mbichi, upande mmoja ukikauka kabla ya mwingine, ubao unapinda. Tumieni plaiwudi ya milimita 18, mpake vanishi juu, chini na kwenye kingo. Mkipaka juu tu, unyevu utaingilia chini na tatizo litarudi.

Kizibo kina upana wa hadi milimita 32, ilhali kwenye ubao wa mashindano mistari hupishana milimita 22 hadi 24. Chorani yenu kila milimita 34. Mistari 19 ina nafasi 18, yaani milimita 612. Acheni 19 kila pembeni, mnapata sentimita 65 kwa 65. Alama zote zipimwe kutoka mstari wa kwanza: 34, 68, 102. Mkihamisha rula alama hadi alama, kosa la nusu milimita litakuwa limefika milimita 9 mwishoni. Nukta tisa huwekwa pale mistari ya 4, 10 na 16 inapokutana. Vizibo vyeusi ni 181, vyeupe 180; sugueni meno yake kwa msasa yasikwaruze vanishi.

Vizibo hupotea, kwa hiyo tumieni hesabu ya Kichina: kilicholiwa kikipotea hakiharibu matokeo. Makutano ni 361, na mweupe hupewa fidia ya pointi 7.5 kwa kuwa mweusi ndiye anayeanza. Basi mhesabuni mweusi peke yake, kete zake hai na makutano aliyoyazingira: akifika 185 kashinda, akiishia 184 kashindwa.

Wanaoanza wapeni ubao wa mistari 9, sentimita 31 kwa 31, maana mchezo wake unaisha ndani ya kipindi kimoja. Plaiwudi ya sentimita 244 kwa 122 inatoa mbao kubwa 3, na ukanda unaobaki pembeni unatosha ndogo 7.