Redio ya USB inasikia FM kila mahali: nibadilishe kifaa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Tanga, na juu ya paa letu bahari inaonekana. Nataka kununua kile kipokezi cha USB kinachogeuza kompyuta kuwa redio, nifuatilie meli na ndege, na usiku nisikilize masafa mafupi. Ikiwezekana nipate na picha za hali ya hewa kutoka satelaiti za NOAA za Marekani. Bajeti yangu ni dola 60. Rafiki yangu anacho kimoja kimeandikwa DVB-T, lakini kila anakokwenda anasikia stesheni ileile ya FM, hata kwenye masafa ya ndege. Je, hivi vya bei nafuu ni vibovu, nijikusanye nipate cha bei kubwa? Na kinaonyesha TV? Laptopu yangu ni ya zamani, RAM 4.

Jibu: Marahaba. Kifaa cha rafiki yako kina uwezekano mkubwa wa kuwa kizima. Kimezidiwa tu. Hata ukinunua cha bei mara tatu, ukakifunga kwenye antena ileile karibu na mnara uleule na kukiwekea mpangilio uleule, usishangae ukiendelea kusikia hiyo FM. Kwa hiyo tuanze na huo ugonjwa, ununuzi utafuata.

Vipokezi hivi vilizaliwa kwa ajili ya televisheni. Ndani mna chipu ya Realtek iitwayo RTL2832U, na mbele yake chipu ya kuchagua masafa, mara nyingi R820T2. Mwaka 2012 wapenzi wa redio waligundua kuwa chipu ya Realtek inaweza kutoa mawimbi yakiwa mabichi, namba tupu, na kuiachia kompyuta kazi yote iliyobaki. Kuanzia hapo kifaa cha kutazamia TV kikawa redio inayofika kutoka takribani 24 hadi 1,766 MHz, na kukuonyesha kipande cha upana wa 2.4 MHz kwa mkupuo. TV yenyewe sahau: matangazo ya kidijitali ya antena hapa kwetu ni DVB-T2, na chipu hii inaijua DVB-T ya mwanzo tu.

Udhaifu wake ni kwamba hupima mawimbi kwa biti 8, yaani ngazi 256 basi. Mizani ya kupimia gunia la mchele haikuonyeshi uzito wa punje ya iliki, na hiki ni hivyohivyo: wimbi kubwa likijaa ndani, dogo linapotea chini ya ngazi ya kwanza. Tena chipu ya mbele haipokei yale masafa uliyochagua peke yake. Inabeba karibu kila kinacholetwa na antena, ukiwemo mtambo wa FM wa mjini. Ukuzaji, yaani kiasi ambacho kifaa kinaongezea mawimbi nguvu, ukiwa juu mno, mawimbi makubwa yanagongana humo ndani na kuzaa vivuli: stesheni inajitokeza mahali ambapo haipo kabisa.

Kukitambua kivuli ni rahisi. Punguza ukuzaji kwa desibeli 3. Stesheni ya kweli itashuka kwa kiasi hichohicho, lakini kivuli kwa kawaida kitaporomoka zaidi, mara nyingi kitoweke. Mwambie rafiki yako azime ukuzaji wa kujiendesha, sehemu iliyoandikwa AGC, kisha ashushe kitelezi cha Gain hadi chini. Aende kwenye masafa anayoyataka, apandishe ngazi moja moja huku akitazama grafu. Mwanzoni wimbi litainuka juu ya ukungu wa kelele. Itafika hatua ukungu unapanda lakini wimbi haliongezeki juu yake. Hapo arudi ngazi moja, aache. Wengi huvuta hadi mwisho wakiamini ndiko kwenye nguvu, kisha wanalaani kifaa. Ikishindikana, kuna kichujio kidogo cha kuzuia 88 hadi 108 MHz kinachofungwa kati ya antena na kipokezi. Hicho ningekinunua kabla ya kufikiria kipokezi kingine. Na ahakikishe ameweka AM: marubani huongea kwa AM kati ya 118 na 137 MHz, na ukiacha programu kwenye FM pana huambulii kitu.

Sasa cha kununua. Kwa meli na ndege, kipokezi kiitwacho RTL-SDR Blog V3 kinatosha sana. Bila usafirishaji huwa kati ya dola 30 na 40. Unacholipia ni kristali isiyoyumba kwa joto, yenye kosa la takribani sehemu 1 kwa milioni. Vile vya plastiki vinaweza kukosea sehemu 50 kwa milioni, na kwenye 162 MHz hiyo ni kilohezi 8. Chaneli ya meli ina upana wa kilohezi 25, kwa hiyo kosa hilo linatosha kukukosesha ujumbe mpaka ulisahihishe kwenye programu. Lakini kwa kuwa umetaja masafa mafupi, ukilipata toleo lake la V4 chukua hilo. Mengi ya masafa hayo yako chini ya 24 MHz, kwa hiyo V3 huyapeleka moja kwa moja kwenye chipu ya Realtek bila kupitia chipu ya mbele, na huyakunja katikati ya 14.4 MHz, hivyo stesheni ya 12 MHz inaweza kujitokeza pia kwenye 16.8. V4 huyainua kwanza hadi masafa ya juu, ndipo huyapokea kwa njia ya kawaida. Ila iwekee draiva za mtengenezaji wake, la sivyo utadhani umeuziwa kiziwi. Nakala bandia ni nyingi, basi fuata wauzaji waliotajwa na mtengenezaji mwenyewe. SDRplay na Airspy HF+ ni vizuri zaidi kwa masafa mafupi, lakini vimeruka bajeti yako. HackRF achana nayo: sifa yake ni kurusha mawimbi, nawe unataka kusikiliza.

Laptopu yako inatosha. SDR++ ni programu nyepesi, na ikikwama punguza kasi ya sampuli hadi milioni 1 kwa sekunde. Kwenye Windows utabadilisha draiva kwa programu ya Zadig. Chagua iliyoandikwa Bulk-In, Interface 0, na usome mara mbili kabla ya kubonyeza, kwani wapo waliobadilisha draiva ya kipanya wakabaki wanaduwaa. Kwenye Linux zuia moduli ya dvb_usb_rtl28xxu isikiwahi kifaa.

Antena ndiko pesa iliyobaki iende, na haitakuwa nyingi. Gawanya 75 kwa masafa ya MHz, utapata urefu wa robo wimbi kwa mita. Kwa meli ni sentimita 46, kwa sauti za marubani kama 59, na kwa ishara za mahali ndege ilipo, 1090 MHz, hata 7 hazifiki. Vyote visimame wima. Waya wa antena ya TV unafaa kwa kupokea. Kwenye 1090 waya mrefu unakula wimbi, hivyo ni afadhali kipokezi kikae karibu na antena na urefushe USB.

Hapo Tanga una bahati ya bahari. Meli hujitangaza kwa mfumo wa AIS kwenye 161.975 na 162.025 MHz, na programu ya AIS-catcher inazisoma zote mbili pamoja. Antena yako ikiwa mita 10 juu na ya meli mita 20, tarajia kama kilomita 30. Usidhani ramani ikiwa tupu na bahari ni tupu: jahazi na ngalawa hazilazimiki kubeba AIS. Ndege ni habari nyingine. Iliyo juu kilomita 10 inaweza kukufikia kutoka zaidi ya kilomita 300, hivyo kwa programu ya dump1090 utaona zinazopita juu ya Pemba na Unguja na mbali zaidi. Lakini utamsikia rubani akijibu bila kumsikia anayemwongoza kutoka mnara wa Zanzibar, kwa sababu mnara uko chini ya upeo wako. Hapo hakuna kilichoharibika.

Kwa masafa mafupi tundika waya wa mita 10 au zaidi, mbali na nyumba. Adui ni taa za LED, chaja za simu na vidhibiti vya sola. Tumia laptopu kwa betri, zima swichi kuu ya nyumba, utazame ukungu unavyoshuka; kisha washa kimoja kimoja umjue mkorofi. Umeme ukikatika mtaa mzima, wengine wakisonya wewe kimbilia 9.4 hadi 9.9 MHz. Usiku ndiyo saa yake.

Kuhusu sheria: matangazo ya redio sikiliza upendavyo. Mawasiliano ya watu usiyanase, usiyarekodi wala kuyasambaza. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila ruhusa. Kabla ya kuagiza kifaa nje, au kusikiliza marubani, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Satelaiti za NOAA ulizozitaja, yaani 15, 18 na 19, zilistaafishwa zote mwaka 2025, ingawa miongozo mingi ya zamani bado inazielekeza. Tafuta Meteor-M N2-3 na N2-4 za Urusi, kwenye 137.1 au 137.9 MHz. Kwa antena yake chukua vyuma viwili vya sentimita 53, vifungue kwa pembe ya nyuzi 120, vilale mlalo huku mdomo wa V ukitazama kaskazini au kusini, kwa kuwa satelaiti hizi hupita kwa mwelekeo huo. Programu ya SatDump itakupa saa za kupita na kutoa picha. Mawimbi yake ni ya kidijitali: yakiwa dhaifu hupati picha yenye chenga, unapata vipande vyeusi. Hapo kile kichujio cha FM kitalipa gharama yake.