Kwa mwalimu mkuu mpya wa shule ya kanisa: tazama mtoto anapotengwa mbele ya wenzake

Mwalimu mwenzangu, salaam. Umeandika kwamba umekabidhiwa shule ya msingi ya kanisa hapa Tanga mjini, watoto Waislamu ni wengi, wengine wanasomeshwa na wafadhili, na wazee wa bodi wamegawanyika. Upande mmoja unaogopa usawa ukizidi Ukristo wa shule utapotea. Upande mwingine unataka mabango ya "sote ni sawa" kila darasa. Unauliza uanzie wapi. Nimefundisha shule za kanisa mkoa huu, Muheza kisha mjini, mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Univumilie.

Mabango yasubiri. Chukua siku moja, tangu kengele ya asubuhi mpaka basi la mwisho litoke, utazame jambo moja tu: ni wapi mtoto anasimamishwa au anawekwa kando mbele ya wenzake kwa jambo ambalo si kosa lake. Ondoa hizo nafasi moja moja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Utakutana kwanza na ada. Shule moja niliyofundisha, mhasibu alikuwa anakuja mstarini na orodha. Jina likisomwa, mtoto anatoka mbele, anapewa karatasi, anachukua begi na kurudi nyumbani shule nzima ikimtazama. Kulikuwa na binti wa darasa la nne aliyekuwa akijificha chooni kila Jumatatu mpaka mstari uvunjike, halafu anaingia darasani amechelewa na kuchapwa kwa kuchelewa. Baba yake alikuwa kuli bandarini. Meli zikipungua, nyumbani hakuna kitu. Binti yule alikuwa anaadhibiwa kwa ajili ya meli ambazo hazikuja.

Tulibishana sana ofisini, na mhasibu alikuwa na hoja ya kweli: wazazi wasipobanwa hawalipi, na mishahara yetu inatoka humo humo. Mwishowe tukakubaliana jina la anayedaiwa lisitoke nje ya ofisi. Mzazi anapigiwa simu, anakuja, anakaa kitini kama mgeni yeyote, na wanaandikiana atalipaje. Mvuvi na mama ntilie hawapati hela kwa muhula, wanapata kwa siku, basi waliruhusiwa kulipa kila wiki kidogo kidogo. Wengi wao walilipa vizuri kuliko walipokuwa wakidaiwa kwa mkupuo. Nakuomba sana uanze na hili, kwa sababu mtoto aliyeaibishwa mstarini asubuhi hasikii neno lolote la upendo wa Mungu utakalomwambia saa mbili baadaye.

Pamoja na hilo angalia wanaofadhiliwa. Wakikusanywa wao peke yao kupigwa picha ya kumtumia mfadhili, wamevalishwa sweta mpya za aina moja, wenzao watawapa jina siku hiyo hiyo na hawataliacha mpaka darasa la saba. Ripoti inaweza kwenda na picha ya darasa zima. Sweta zipitie stoo ya shule kama sweta nyingine zote.

Mzee wa bodi akiuliza Ukristo uko wapi katika haya, mfungulie Waraka wa Yakobo, sura ya pili, pale mwenye pete ya dhahabu anapopewa kiti kizuri na maskini anaambiwa asimame kule. Yakobo anawakemea waumini, hawakemei watu wa nje. Na Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inapotaja misingi ya ubaguzi inaweka dini, kabila na jinsia, na inaongeza hali ya maisha. Mtoto wa kuli yumo.

Sasa dini. Usishangae bibi wa Kidigo au wa Kisegeju akikuuliza kwa sauti ya chini kama mjukuu wake atabatizwa. Hofu hiyo ina asili yake. Zamani za ukoloni njia ya kwenda shule kwa wengi ilipita misheni, na wazee wengi wa pwani waliona bora mtoto akose shule kuliko arudi na jina jingine. Ni moja ya sababu zilizofanya Waislamu wengi wabaki nyuma kielimu, na serikali ya Mwalimu Nyerere ilizichukua shule za misheni kwa sheria ya elimu ya 1969 ili milango iwe wazi kwa wote. Shule kama yako inabeba kumbukumbu hiyo, upende usipende. Kwa hiyo sema wazi siku ya kuandikisha, na uandike: hii ni shule ya kanisa, asubuhi kuna sala, Krismasi tunaadhimisha; mtoto wako atakaa kwa heshima, hatalazimishwa kuimba wala kukariri katekisimu. Wazazi Waislamu niliowajua hawakusumbuliwa na msalaba ukutani. Walisumbuliwa na kutojua.

Kipindi cha dini ndipo utaona kama unamaanisha. Wakristo wako darasani na mwalimu na vitabu, Waislamu wanaambiwa wakae chini ya mwembe. Huko ni kumfundisha mtoto kila wiki kwamba yeye ni wa ziada. Mtafute ustadhi wa mtaani anayeaminika na wazazi, mpe chumba chenye ubao na chaki. Masomo ya ziada ya jioni nayo yasigongane na masomo ya Kurani ya chuoni, maana mtoto akilazimishwa kuchagua, atadanganya upande mmoja. Ramadhani usikubali mwalimu wa zamu aseme "waliofunga wasimame" wakati wa uji. Kuna mdogo aliyeshindwa saa tatu, ataumbuka bure. Na nyama: ya buchani hapa kwetu kwa kawaida huwa imechinjwa na Mwislamu, haina neno. Shida huja shule inaponunua mbuzi wake wa mahafali. Mwite jirani Mwislamu achinje, na sinia liwe moja kwa wote. Hakuna Mkristo aliyepungukiwa imani kwa pilau hiyo.

Hata Wakristo wenyewe hawako sawa. Mtihani wa majaribio ukipangwa Jumamosi, mtoto Msabato ana vita nyumbani. Na tazama orodha ya kaka wakuu na dada wakuu waliopita: kama wote ni wa dhehebu lenye shule, watoto wameshaielewa hiyo orodha vizuri kuliko wewe. Kazi ya kuongoza sala mstarini mpe mwingine, ukaka mkuu uwe wa anayestahili.

Mengine nayataja tu. Kile kibao anachovalishwa shingoni mtoto aliyeongea Kiswahili kwenye shule za Kiingereza, kikusanye ukichome. Wanaokivaa kila siku ni wale ambao nyumbani hakuna anayejua Kiingereza, wengi wao watoto wa kambi za mkonge. Mtoto mwenye ualbino akae mbele karibu na ubao, na kofia pana na mikono mirefu viandikwe kwenye kanuni za sare, asivuliwe na mwalimu wa zamu asiyejua. Mwenye magongo, darasa lake lihamie chini. Usimpandishe ngazi kwa kubebwa mgongoni mbele ya wenzake.

Bodi ina kikao mwisho wa mwezi, umesema. Kabla ya hapo kaa na mhasibu, na mpishi, na walimu wa zamu, maana hao ndio wanaomkuta mtoto kila siku, na bodi haitaweza kukuzuia kusoma orodha ya ada ndani ya ofisi badala ya mstarini. Ukishaongea na mhasibu rudi hapa utuambie amekujibu nini. Akikataa, nitakuandikia ile fomu yetu ya makubaliano ya malipo ilivyokuwa.