Maswali Yenu: Kusoma Picha za Setilaiti Jeshini, Wikendi Moja kwa Mwezi

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni Mkenya, niko Houston, nina grini kadi na kazi ya kutwa hospitalini. Nasikia Jeshi la Akiba la Marekani lina wachambuzi wa picha za setilaiti wanaofanya kazi wikendi moja tu kwa mwezi. Naweza kuomba? Nianze kujifunza nini?

JIBU: Grini kadi inakuingiza Jeshi la Akiba, lakini si kwenye kazi hii. Kazi hiyo, 35G kwa namba yake ya jeshini, inataka kibali cha siri za juu kabisa, na kibali hicho ni cha raia. Tafuta uraia kwanza.

Wikendi zenyewe huja baadaye. Utaanza na wiki 10 za mafunzo ya uaskari, kisha takriban miezi mitano ya shule Fort Huachuca, Arizona, muda wote huo ukiwa nje ya hospitali. Sheria ya USERRA ya 1994 inalinda nafasi yako kazini. Mpe mwajiri taarifa mapema, kwa maandishi. Baada ya hapo, kila wikendi hulipwa kama siku nne za mshahara wa msingi, na kila mwaka kuna kama wiki mbili za mazoezi.

Fomu ya kibali, SF-86, ndiyo ya kujazwa kwa utulivu. Hapo neno letu "ndugu" linaponza. Mtoto wa baba mdogo unayemwita kaka usimwandike kama kaka. Kama mnawasiliana mara kwa mara, ana sehemu yake, ya watu wa nje ulio karibu nao. Wakwe na ndugu wa kambo wanaandikwa. Pesa unazotuma nyumbani nazo zinaulizwa. Kutuma si kosa, kuficha ndiko kunakoharibu. Anza leo kuorodhesha anwani zako za miaka 10.

Ukishaingia, simu na saa janja hubaki nje ya chumba cha kazi, wala picha haiendi nyumbani. Ndiyo maana jicho hupoa kati ya wikendi na wikendi, na dawa yake ni picha zilizo wazi kwa umma. Za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ni za bure, lakini pikseli moja (nukta moja ya picha) ni mita 10: lori zima linamezwa. Kwenye picha ambayo pikseli moja ni sentimita 30, kontena la futi 40 (mita 12.2) huchukua pikseli kama 40 kwa urefu. Anza na Kilindini au bandari nyingine unayoijua kwa miguu, na kontena liwe rula yako.

Kwanza izungushe picha hadi vivuli vianguke upande wako, la sivyo jicho litaona shimo palipo na kilima. Kisha pima kimo: urefu wa kivuli mara tanjenti ya pembe ya jua kutoka upeo wa macho. Jua likiwa nyuzi 45, kivuli na kimo ni sawa. Likiwa nyuzi 30, kivuli cha mita 20 ni kitu cha mita 11.5. Angalia kivuli kimeangukia wapi: mteremko unaoshuka hukirefusha, ukuta wa jirani hukikata, na hesabu yote inapotoka.