Spartacus hakusulubiwa

Wengi husema Spartacus, mtumwa mpiganaji aliyeongoza maasi dhidi ya Roma, alisulubiwa. Hapana, ndugu, hakufa msalabani. Aliuawa vitani mwaka 71 KK, kusini mwa Italia, na maiti yake haikuonekana tena. Mwanahistoria wa kale Appian ameandika kwamba alichomwa mkuki pajani, akapiga goti moja, akaitanguliza ngao mbele na kuendelea kupigana hadi yeye na waliokuwa naye wakazingirwa na kumalizwa. Picha ya Spartacus msalabani imeenezwa na filamu ya 1960, ndiyo maana wengi wanaiamini.

Waliosulubiwa ni wafuasi wake waliotekwa, 6,000. Crassus, jemadari wa Roma aliyewashinda, aliwatundika kando ya barabara ya Via Appia, kutoka Capua mpaka Roma, karibu kilomita 200. Ukigawanya, ni msalaba mmoja kila baada ya hatua arobaini hivi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Na Capua haikuchaguliwa hivi hivi: maasi yalianzia huko, kwenye chuo cha wapiganaji wa maonyesho (gladiator), mwaka 73 KK. Kila mtumwa aliyepeleka mzigo Roma kwa njia ile alilazimika kuwapita wale watu, wengine bado wanapumua, maana msalaba ulikuwa unaua polepole. Hofu ndiyo iliyokusudiwa.

Ila hiyo 6,000 ichukueni kwa tahadhari, kwa sababu Appian aliandika zaidi ya miaka 200 baadaye, na Plutarch, mwandishi mwingine wa kale aliyesimulia vita hivyo hivyo, hataji misalaba hiyo kabisa. Kuhusu Spartacus kufia vitani, wote wawili wanakubaliana.