Mke ameshikwa na uchungu, mume hapatikani: asubiri ruhusa?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nafanya kazi bandarini Kilindini, mke wangu yuko nyumbani Kinango, mimba ya miezi saba. Muuguzi wa zahanati ataka niende naye kliniki. Wazee wasema uzazi ni mambo ya wanawake, na kwetu mke hapelekwi hospitali mpaka mumewe aseme. Dini yasemaje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Nenda naye, mwanangu. Baina ya mume na mke hakuna uchi wa kufichana. Hiyo haya wanayoisemea wazee ni kwa wanawake wa watu: wodini mkiwa na kina mama wengine, kaa nje kwenye benchi. Lakini kungoja kwenye benchi la hospitali si sawa na kungoja Mombasa.

Suratut Talaq, aya ya 6, yaamuru mtalaka mwenye mimba agharimiwe mpaka ajifungue. Huyo ni mtalaka; sembuse wako uliye naye! Na Sayyidna Uthman hakwenda Badr. Alibaki Madina kumuuguza mkewe Ruqayya, binti ya Mtume (swalla Llahu alayhi wasallam), kwa idhini ya Mtume mwenyewe, akapewa ujira na fungu la aliyehudhuria. Ile ilikuwa vita. Yako ni zamu ya usiku tu.

Hilo la ruhusa ndilo liniumalo. Nimemzika mama aliyeanza kutoka damu baada ya isha. Boda boda iko mlangoni, wakwe wapiga simu ya mume, simu imezimwa. Damu ya uzazi ikifunguka, saa mbili zatosha kumuondoa mtu. Kweli, Mtume amesema afaye kwa uzazi ni shahidi. Ni faraja ya mfiwa hiyo, si kinga ya mzembe. Kuokoa nafsi ni wajibu, na wajibu hauombewi ruhusa.

Basi itoe leo, mbele ya mama yako, kwa ulimi wako: akitoka damu, akivimba uso, kichwa kikimuuma sana na macho kuingia kiwi, mtoto akiacha kucheza, au uchungu ukianza, aondoke kwanza, wewe utafutwe baadaye. Nauli iwe mkononi mwake mwenyewe, si kwa kaka yako. Na mwenye gari mpatane mapema, usiku huko matatu hupati.

Wallahu aalam.