Usaili wa Tamthilia ya Vichekesho: Je, Ni Lazima Wasaili Wacheke?

SWALI: Mhariri, kundi la maigizo la mtaani kwetu limetangaza usaili wa tamthilia ya vichekesho. Rafiki zangu husema mimi ni mcheshi, lakini nikisimama mbele ya watu wasionijua ninakauka. Tangazo linasema kila mmoja aje na mazungumzo ya mhusika mmoja ya dakika moja, kisha asome dondoo za mswada papo hapo. Nijiandae vipi, na nifanyeje wasipocheka?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hofu yako ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayowaharibia wengi. Katika chumba cha usaili watu huenda wasicheke hata kidogo, na ukimya huo hauna maana kwamba umeshindwa. Mwongozaji amekwisha kulisikia onyesho hilohilo likisomwa na watu wengi siku hiyo, anaandika huku akisikiliza, na anawaza nani atalingana na nani jukwaani. Mwigizaji anayevizia kicheko akikikosa huanza kupaza sauti, kukodoa macho na kuongeza mbwembwe, na hapo ndipo anapompoteza mhusika.

Mhusika wa vichekesho hajui kwamba anachekesha. Anataka kitu, anakitaka kwa dhati, na mambo yanamwendea kombo. Katika michezo ya commedia dell'arte, vichekesho vya jukwaani vilivyostawi Italia tangu karne ya 16, mzee bahili Pantalone aliwachekesha watazamaji kwa sababu uchungu wake wa kuachana na fedha ulikuwa wa kweli kwake. Kwa hiyo ukipewa dondoo, hata kama una dakika chache tu za kuipitia, usikimbilie kutafuta mahali penye mzaha. Jiulize mhusika huyu anataka nini kwa anayesema naye, na ni nini kitakachompata akikikosa. Konstantin Stanislavski, mwongozaji wa Urusi na mmoja wa waasisi wa jumba la maigizo liitwalo Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898, aliwazoesha waigizaji wake kuuliza mhusika anataka nini, nami naamini swali hilo linahitajika zaidi katika futuhi, yaani tamthilia ya vichekesho, kuliko katika tanzia, yaani tamthilia ya huzuni, maana kwenye futuhi kishawishi cha kulisahau ni kikubwa.

Kisha sikiliza. Utasoma pamoja na mtu ambaye pengine hujawahi kumwona, na wasailiwa wengi huinamia karatasi wakingoja zamu yao. Wewe itazame sentensi yako, inua uso, mwambie mwenzako, halafu mwangalie anapokujibu. Ukipotea, tafuta mstari na uendelee bila kuomba radhi. Mara nyingi hadhira huchekeshwa na uso wa anayepokea habari kuliko maneno ya anayeileta, na mwongozaji mzoefu atakuwa anakutazama hata wakati husemi lolote. Uangalie pia mwisho wa sentensi. Neno linalobeba kichekesho aghalabu huwekwa hapo, na hapo ndipo pumzi za mwoga humwishia, kwa hiyo vuta pumzi ya kutosha ulifikishe neno hilo nyuma ya ukumbi.

Mwongozaji akikukatiza na kukuomba urudie kwa namna nyingine, tuseme kwa kunong'ona, usidhani kwamba umekosea. Anataka kuona kama unaelekezeka, kwa sababu mtafanya mazoezi pamoja kwa wiki nyingi. Fanya badiliko linaloonekana, hata kama huna hakika nalo; anayerudia vilevile kama mwanzo hujinyima nafasi.

Kuhusu mazungumzo ya dakika moja, chagua mhusika anayezungumza na mtu fulani kwa haja fulani, wala si mfululizo wa vichekesho, na uyapime kwa saa nyumbani. Vaa viatu unavyoweza kukimbia navyo. Katika fomu, andika kwa ukweli siku usizoweza kuhudhuria, hasa katika wiki ya mwisho kabla ya maonyesho, kwa kuwa wenzako nao wataziacha kazi na familia zao ili wafike mazoezini.

SWALI: Nilisailiwa katika kundi kama hilo nikakosa nafasi. Je, ni utovu wa adabu kuuliza sababu?

JIBU: Si utovu wa adabu, mradi usubiri waigizaji watangazwe, na uulize unachopaswa kukifanyia kazi badala ya kuuliza kwa nini fulani amechaguliwa. Pengine hukukosea chochote: wahusika wawili wanaopaswa kufanana kama ndugu huchaguliwa kwa pamoja, na mwigizaji mzuri huachwa kwa ajili ya kimo au umri tu. Ikiwa bado una hamu, jitolee kushika mswada mazoezini na kuwakumbusha waigizaji mistari wanayoisahau. Makundi ya kujitolea hayana watu wa kutosha kwa kazi hiyo, nawe utamsikia mwongozaji akieleza, onyesho baada ya onyesho, kile alichokuwa akikitafuta siku ya usaili.