Kabla hujanunua tafsiri ya Yoga Sutra

Wanaoanza kusoma maandiko ya kale ya yoga huniuliza swali lile lile: tafsiri ipi ya Kiingereza ni ya kuaminika? Wengi wetu hatujui Kisanskriti, na kuyapata maandiko haya kwa Kiswahili ni kazi, kwa hiyo Kiingereza ndicho mlango tulio nao. Ushauri wangu ni huu: tafuta kitabu kinachokuonyesha maneno ya kale yanaishia wapi na ya mfasiri yanaanzia wapi. Hilo unaweza kulikagua mwenyewe hata kama Kisanskriti hukijui kabisa.

Tuanze na Yoga Sutra ya Patanjali, maana ndiyo watu hukimbilia kwanza. Ni kitabu kifupi mno: sutra, yaani kauli fupi za mafundisho, 195 katika matoleo mengine, 196 katika mengine, zilizogawanywa katika sura nne. Sutra hiyo moja inayozidi iko sura ya tatu, kwa hiyo namba zikipishana hapo usidhani umeuziwa kitabu kibovu. Sutra nyingi hazina hata kitenzi. Ni maneno machache yaliyobanwa, na tangu zamani yamesomwa pamoja na ufafanuzi unaojulikana kama wa Vyasa. Wapo wataalamu, Philipp Maas akiwa mmoja wao, wanaoshikilia kwamba sutra na ufafanuzi huo ni kazi ya mkono mmoja. Mfasiri basi hana budi kuongeza maneno ili Kiingereza chake kisomeke. Halina ubaya, mradi akuonyeshe alichoongeza, iwe kwa mabano ya mraba, herufi za mlazo au tanbihi.

Ukishika kitabu, fungua sura ya pili, sutra ya 46 na ya 47. Ya 46 ni sthira sukham asanam: thabiti, starehe, kikao. Basi, imekwisha. Ukikuta pale maneno chungu nzima juu ya kunyoosha uti wa mgongo na kuvuta pumzi, bila alama yoyote, ujue unamsoma mwalimu wa leo. Huenda anafundisha vizuri sana, ila Patanjali hakuyasema hayo mahali hapo.

Ya 47 hupima vizuri zaidi. Inasema kikao hicho hupatikana kwa kulegeza juhudi na kwa fikra kuzama katika ananta. Ananta ni kisicho na mwisho. Tena ni jina la nyoka mkuu anayeibeba dunia, na Vachaspati Mishra, mfafanuzi wa karne ya 9 au ya 10, alielewa kuwa ndiye nyoka huyo. Mfasiri mwaminifu atakwambia kwamba njia ni mbili, aseme ameshika ipi, na kwa sababu gani. Anayekupa moja na kunyamaza anakunyima kitu ambacho ni haki yako kukijua, na mimi kitabu cha namna hiyo hukirudisha rafuni.

Sasa majina. Kwa anayeanza, ningemwelekeza kwa Edwin Bryant, 2009. Anaweka Kisanskriti, maana ya neno moja moja, kisha tafsiri, halafu anakusimulia wafafanuzi wa kale walibishana nini. James Haughton Woods wa 1914 alifasiri sutra pamoja na Vyasa na Vachaspati. Kiingereza chake ni kigumu kama jiwe, lakini kinapatikana bure mtandaoni na kukagulia hakina mfano. Raja Yoga ya Vivekananda, mtawa wa Kihindu, ya 1896, isome kwa ajili ya Vivekananda mwenyewe. Alieleza waziwazi kwamba amefasiri kwa uhuru, na namheshimu kwa hilo.

Uaminifu huvunjwa pia kwa kuruka. Sris Chandra Vasu, aliyefasiri Shiva Samhita, andiko jingine la kale la yoga, zaidi ya miaka 100 iliyopita, aliiacha nje sehemu ya vajroli, zoezi linalohusu viungo vya uzazi, kwa kuiona ni uchafu. Tafsiri hiyo bado inasambazwa. Ukiitaka Shiva Samhita kamili, chukua ya James Mallinson ya 2007, iliyo na Kisanskriti chake. Katika kitabu chochote, tazama namba za beti: zikiruka kutoka moja hadi nyingine ya mbali, pameachwa kitu.

Kwa Upanishadi, maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu, Patrick Olivelle, 1996, atakutosha kwa muda mrefu.

Anayesoma Kiarabu ana hazina ambayo wengi hawaijui. Al-Biruni, mwanazuoni wa Kiislamu, aliifasiri kazi ya Patanjali kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 11, akaunganisha matini na ufafanuzi, akavipanga kwa maswali na majibu. Ni kitabu kitamu, lakini usikitumie kuhakikisha sutra moja moja, kwa sababu viwili hivyo vimeshachanganyika.

Mwisho, usisome kwa tafsiri moja. Weka mbili mezani, moja ya msomi wa chuo kikuu na moja ya mwalimu wa yoga, uende sutra kumi kumi. Pale zinapopatana, songa mbele. Pale zinapogongana, tia alama kwa penseli, rudi kwa Woods uone Vyasa anasemaje, kisha andika pembeni ni nani kati ya wale wawili aliyekuonya mapema kwamba hapo pana utata. Ukimaliza sura ya kwanza utakuwa umeshajua yupi wa kuendelea naye.